Chupa Niliyoijaza Maji ya Tangi

Karatu, nyuma ya soko
Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, mguu umeacha kuwaka, na ndege wamekuachia mtama kidogo. Baba Mdogo kifua chake kinaendeleaje? Zainabu ananiambia kwamba anakohoa kidogo tu, lakini unamjua mdogo wangu, yeye hata nyumba ikiungua atasema ni moshi wa jikoni. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mimi mwili ninao na pumzi ninazo. Mengine utayasoma.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, wewe ukipokea simu unaweka spika, halafu unasema, "Saidi, ongea kwa nguvu, watu wako hapa wanakusalimia!" Baraza zima linasikiliza. Jambo la leo si la baraza. Nimempa bahasha kondakta wa basi linalopitia Babati, Zainabu ataipokea stendi. Soma mwenyewe, polepole, na miwani yako, ukiwa chumbani. Zainabu asikusomee. Mama Athumani asiione hata bahasha.

Barua hii ni ya kifo cha Athumani wake. Mlimzika mkiambiwa ni malaria. Malaria alikuwa nayo, ndiyo, lakini siyo iliyomuua. Tulimuua sisi wa maabara, na katika sisi nimo mimi mwanao. Nimekuambia mwanzoni ili usisome ukibahatisha ninakokwenda. Kunywa maji kwanza, halafu endelea.

Unanijua kwa kinyaa. Ni wewe uliyewaambia wageni kwamba nilizaliwa nimeziba pua. Kuku akichinjwa nilikimbilia nyuma ya nyumba, na mtoto akitapika shuleni nilitapika naye. Basi mtoto huyo ndiye aliyekuja kupata kazi ya kuosha vikopo vya maabara. Ulipowaambia majirani kwamba mwanao ni daktari Karatu, sikukusahihisha, nisamehe na hilo. Mimi ni msaidizi. Napokea vichupa dirishani, naosha vioo, najaza chupa zilizoisha. Kituo chenyewe ni cha mtu binafsi, vyumba vichache vilivyopakwa rangi ya kijani, na jina lake sitaliandika humu.

Nikueleze kazi yenyewe ilivyo ili unielewe. Watu wa huku ni wakarimu kupita kiasi. Unamwambia mtu alete choo kidogo, kiasi cha punje ya harage. Anakuletea kopo la siagi limejaa mpaka kifuniko kinakataa, na limesafiri ndani ya mfuko mmoja na chapati zake. Mzee mmoja wa Mbulu aliniletea makohozi ndani ya chupa ya soda. Akaninyooshea kwa mikono miwili kama anayetoa zawadi, nami kwa adabu uliyonifunza nikapokea kwa mikono miwili. Madereva wa watalii wanaleta mkojo kwenye chupa za maji za lodge, bado vuguvugu, huku wanapokea simu. Damu ndiyo usiseme. Ulinifundisha kwamba damu ni najisi, nami nashinda nayo. Kila adhuhuri nilikuwa naosha mikono mpaka kwenye viwiko, halafu nikienda kusujudu bado naisikia harufu kwenye vidole.

Aliyekuwa juu yangu ni fundi wa maabara, jina lake Elibariki, mtu mcheshi, hodari wa kuongea, asiyejua kinyaa ni nini. Alikuwa anakula ndizi mkono wa kushoto huku wa kulia unazungusha hadubini yenye choo cha mtu. Siku zangu za mwanzo aliniita: "Dogo, njoo uone ulivyotengenezwa." Nikaweka jicho. Nikaona viduara vingi, vimebonyea katikati, vinasukumana kwenye maji. Akaniambia hizo ni seli nyekundu za damu yangu mwenyewe, alizonitoboa kidoleni dakika ile.

Akanifafanulia, na alikuwa anajua kufafanua. Kila seli ni kifuko. Ngozi ya kifuko ni utando mwembamba wa mafuta, na ndani yake kuna ute wa protini, na maji, na chumvi. Ini ni vifuko. Jicho ni vifuko. Ulimi wako unaonitania nao, Mama, ni vifuko vya ute vimepangwa vikashikana. Mtu anapiga mswaki, anapaka mafuta, anavaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, kumbe ndani ni ute mtupu unaoteleza. Kwa wiki nzima nilishindwa kula mlenda. Mnyaturu ameshindwa kula mlenda, hebu fikiria.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye dhambi. Kile kifuko kina chumvi yake ndani. Kikikaa kwenye maji yenye chumvi ileile, kinatulia. Ukikitumbukiza kwenye maji matupu, maji yanaingia ndani kuifuata chumvi. Kifuko kinavimba, kinavimba, kinapasuka, na wekundu wote unamwagika nje. Ni kama kunde ulizoloweka ukazisahau, ukazikuta zimechana maganda. Haya nilikuwa nayajua. Niliyasoma sekondari, na Elibariki alinirudishia kwa mdomo wake. Nataka ulishike hilo, kwa sababu watu watakuja kukuambia kwamba Saidi wako hakujua.

Tunapopima kundi la damu, tunaichanganya damu na maji ya chumvi kwanza, halafu tunadondoshea dawa. Seli zikishikana vibonge, dawa hii inaonyesha kundi A, ile inaonyesha B. Zisiposhikana kabisa, tunaandika O. Na kabla ya kumtia mtu damu ya mwenzake tunazikutanisha kwenye kichupa tuone kama zinagombana. Zisiposhikana, tunasema zimepatana.

Ijumaa moja maji ya chumvi yakaisha. Yalikuwa yanatoka Arusha, na mzigo haujafika. Elibariki akaniambia, "Jaza ya tangi, yachuje. Yatatufikisha Jumatatu."

Nikamuuliza, "Na chumvi?"

"Chumvi ni ya mchuzi, dogo."

Akacheka. Nami nilicheka, Mama. Nikaenda kwenye tangi la mvua, lile linalopokea maji ya bati wanalonyea kunguru, nikachuja kwa kitambaa, nikajaza chupa, nikairudisha mahali pake na karatasi yake iliyoandikwa maji ya chumvi. Kilichonichukiza wakati ule ni mavi ya kunguru tu.

Na wala hatukuwa na haja ya kufanya hivyo. Hatua chache kutoka mlangoni kwetu, kwenye kabati la wodi, zilikuwepo dripu za chumvi zimepangwa. Ni maji yaleyale tuliyokuwa tunayataka. Ilikuwa ni kumwomba tu Sista Paskalina, muuguzi mkuu, mama wa Kiiraqw mwenye sauti nzito na ufunguo kiunoni. Lakini yeye na Elibariki walikuwa hawasemezani. Friji ni moja tu pale kituoni, na siku moja Sista alifungua kumimina maziwa yake ya mgando akakuta yameegemeana na kikopo cha choo cha mgonjwa, hakina kifuniko. Alimtupia Elibariki maneno ambayo siwezi kukuandikia. Elibariki akamwambia maziwa ndiyo yaliyokuwa yanamchafulia sampuli zake. Tangu hapo, mwezi mzima, ujumbe ulikuwa unapitia kwangu: mwambie huyo, mwambie yule. Watu wazima wawili. Na mimi nilichoka kuwa mdomo wao, kwa hiyo siku ile sikwenda kuomba. Ona kitu kilivyo kidogo.

Jumamosi asubuhi akaletwa Athumani.

Ulikuwa unajua yuko Mang'ola kwenye vitunguu. Hukujua kwamba wenzake walitaka kumpeleka kwingine, yeye akakataa. Aliwaambia, "Nipelekeni kule, mimi nina ndugu yangu pale." Aliponiona dirishani alitabasamu, midomo imempauka, viganja vyeupe kama vimeoshwa na jiki. Malaria ilikuwa imemmalizia damu. Daktari akaagiza atiwe damu, na aliyejitolea ni rafiki yake wa shambani, Yohana, Mgogo wa Mpwapwa. Unajua utani wetu na wao. Alilala pale akitolewa damu huku anapiga domo: "Leo Mnyaturu ananyweshwa Ugogo! Akiamka atatusalimia Kigogo, na kuku wake wote ni wetu!" Athumani alicheka mpaka akakohoa. Hata Sista alicheka.

Tukawapima. Athumani, O. Yohana, O. Tukazikutanisha, hazikugombana. Zingegombanaje, Mama, wakati zote zilikuwa zimekwisha kupasuka? Hapakuwa na seli ya kushikana na seli. Tulikuwa tunaangalia maji mekundu na kuandika kwamba yamepatana.

Damu haijafika hata nusu akaanza kusema mgongo. "Saidi, mgongo unavunjika." Akatetemeka kwa baridi, meno yanagongana. Daktari akasema ni malaria inapanda, akaandika dawa nyingine. Saa nane hivi mchana nikapewa chombo chake cha mkojo nikamwage. Mkojo ulikuwa mweusi unaoelekea wekundu, kama soda. Kinyaa kilinipanda mpaka kooni. Niligeuza uso, nikashika chombo kwa ncha za vidole, nikamwaga chooni haraka, nikamwagia maji mara mbili, nikaondoka nikitema mate. Mtu mwingine angeutazama ule mkojo. Msaidizi wa maabara, kazi yake ni kuutazama. Mimi nilitema mate.

Alasiri, kabla ya adhana, alikwisha.

Mengine unayajua, maana maiti iliondoka Jumapili na mkaipokea. Nami nilisaidia kuipakia. Na wewe ukanisimulia kwenye simu, unacheka na kulia, jinsi yule Mgogo aliyesindikiza alivyoruka ndani ya kaburi akalala chali kama watani wanavyofanya, akisema hamziki mtu mpaka arudishiwe damu yake. Mkamtoa kwa kumbembeleza. Mama, mlicheka, na mlikuwa na haki ya kucheka, utani ni utani. Mimi niliposikia nikakaa chini, kwa sababu siku uliyonisimulia nilikuwa nimeshajua. Yohana mwenyewe hajui mpaka leo. Naye nitamwendea.

Nilijuaje? Jumatatu ile, Wamasai wa Olbalbal walimleta mwanamke aliyejifungua nyumbani na damu ikakataa kukoma. Walimpakia kwenye kebini ya lori linalopeleka maji huko bondeni, wakapanda naye mpaka juu kwenye ukingo wa kreta na kuteremka huku. Walikuja vijana watatu wa rika la mumewe, tayari kutoa damu, na mke mkubwa wa boma, jina lake Naramat, mwanamke wa makamo, mrefu, shuka lake na shanga zake na uso usiotaka mazungumzo.

Tukapima. Mgonjwa, O. Vijana watatu, O, O, O. Nikakumbuka kwamba tangu Ijumaa sijaandika herufi nyingine kitabuni. Nikamwambia Elibariki, kwa sauti ya chini, "Kaka, mbona kila mtu O?"

"Wamasai wote ni O, mwanangu. Wanaoana wenyewe kwa wenyewe, halafu wanakunywa damu ya ng'ombe tangu utotoni. Damu inakuwa moja."

"Na wa Jumamosi? Wale si Wamasai."

"Wewe umekuja kufanya kazi au kuhesabu makabila?"

Vichupa vilikuwa vimesimamishwa dirishani, jua la asubuhi linavipiga. Naramat alikuwa nje, ameshika vyuma vya dirisha, anavitazama. Akauliza, "Hii ndiyo damu ya mke mwenzangu?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Hii imekufa."

Elibariki akacheka. "Mama, kaa kwenye benchi, tunafanya kazi."

"Mimi nakoroga damu ya ng'ombe tangu sijaolewa. Naijua. Damu ya uzima haipitishi jicho. Ni nzito kama maziwa. Weka kidole yako huko nyuma."

Akaweka, kwa dharau, ili amwonyeshe. Mama, tulikiona kidole. Tulikiona kupitia damu kama unavyoona kupitia glasi ya juisi: ngozi, ukucha, na uchafu mweusi chini ya ukucha. Damu yenye seli hai ina ukungu, huwezi kuona upande wa pili. Ile ilikuwa imepasuka yote, imebaki rangi.

Naramat akasema, "Ng'ombe akikojoa hivi, sisi nasema huyu amekwisha."

Hapo ndipo nilipokiona tena moyoni kile chombo cha mkojo nilichokimwaga Jumamosi. Rangi ya Athumani ilinirudia machoni, na mgongo wake, na meno yake yakigongana. Kilichotokea ndani ya vichupa kilitokea pia ndani ya mishipa yake. Huku ni maji yaliyozipasua seli, kule ni mwili wake wenyewe uliozipasua kwa kuwa si za kundi lake. Na sisi hatukuona la kule kwa sababu tulikuwa tumeharibu la huku.

Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Ni maji ya tangi. Hakuna chumvi."

Elibariki akanikazia macho. "Nyamaza, dogo."

Nikatoka mbio mpaka wodini. Nikamwambia Sista Paskalina anipe dripu moja ya chumvi. Akauliza nani anaitaka. Nikasema maabara. Akasema, "Mwambie aje mwenyewe aombe, ana miguu." Nikamwambia, "Sista, tumeshamuua mtu mmoja, na mfuko wa pili wa damu uko mezani." Alinitazama, akafungua kabati, akanipa.

Tukarudia kila kitu kwa maji ya chumvi, daktari amesimama nyuma yetu. Mgonjwa alikuwa O kweli. Kijana wa kwanza, ambaye damu yake ilikuwa imeshatolewa na inasubiri kutundikwa, ni B. Vibonge vilijitokeza pale pale kama maziwa yaliyokatika kwenye chai. Wa pili A. Wa tatu O. Naramat akaingiza mkono dirishani, akasema, "Na mimi." Naye O. Damu ya hao wawili ndiyo iliyotundikwa. Yule mama yuko hai, Mama. Ameshateremka Olbalbal na mtoto wake. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kila nikishukuru najiona mnafiki.

Halafu nikafungua friji. Kwenye kona, nyuma ya maziwa ya Sista, vichupa vya Athumani na Yohana vilikuwa bado vipo, damu yenyewe, haijaguswa na maji. Elibariki akapima kwa mkono wake. Athumani, B. Yohana, A. Akaviweka chini, akatoka nje nyuma ya jiko la kuchomea taka. Nikasikia anatapika. Mtu wa ndizi na hadubini. Mimi, mtoto wako wa kinyaa, sikutapika. Nilisimama tu, nikijisikia mchafu wa namna ambayo maji ya udhu hayafiki.

Ungedhani uchafu umeishia hapo. Kesho yake mwenye kituo akaniita ofisini, ana chai ya maziwa na sambusa, akanikaribisha nile. Akaniambia, "Saidi, una mwandiko mzuri sana." Alitaka nichane kurasa za siku nne kwenye kitabu cha maabara, niandike upya kwa kalamu ileile, nichanganye A na B kidogo, ionekane kawaida. Nikamwambia, "Na yule aliyekufa?" Akauliza, "Malaria alikuwa nayo, au hakuwa nayo?" Nikasema alikuwa nayo. "Basi cheti hakisemi uongo." Akauma sambusa. Mafuta yakamchuruzika mpaka kidevuni, akayapangusa kwa kiganja, na kiganja hichohicho akakiweka begani kwangu. Nimeshika choo cha nusu ya wilaya hii, Mama, sijawahi kuchukizwa na kitu kama mkono ule. Shati lile nimelichoma.

Elibariki alikuwa ameshakubali. Aliniambia, "Tuna familia, dogo." Ndiyo, ana watoto, na alinifundisha kazi. Nilichukua kitabu nikiwa nimekifunika kwa koti, nikaenda nacho mpaka kwa mganga mkuu wa wilaya. Niliandika maelezo kwa mwandiko wangu mzuri, kurasa tatu. Jina la kwanza nililoandika ni langu: mimi ndiye niliyejaza chupa, na nilijua. Walinipokea, wakauliza mengi, wakaja wakaifunga maabara. Wameniambia nitaitwa tena, na kwamba linaweza kuwa zito. Wameniruhusu kuja nyumbani kwa siku chache. Kazi, bila shaka, sina. Kwa hiyo usimwambie mtu tena kwamba mwanao ni daktari.

Nilikuwa nimepanga kukaa kimya kwako mpaka nije. Lakini Alhamisi nilipigiwa simu kutoka stendi, kuna mzigo wangu. Nilikwenda, nikapewa jogoo, mwekundu, mzima, amefungwa miguu kwa kitambaa cha kanga. Ametoka kwa Mama Athumani. Jioni akanipigia mwenyewe kwa simu ya Zainabu. Akasema, "Mwanangu Saidi, sina cha kukupa. Nimefurahi mtoto wangu hakufa mikononi mwa watu baki." Nikasema, "Ahsante, mama." Ndivyo nilivyosema. Ahsante, mama.

Jogoo yuko uani kwa mwenye nyumba wangu, anakula makombo. Watoto wananiuliza tunamchinja lini.

Sijapata usingizi tangu Alhamisi. Kila nikiutazama mkono wangu naviona vile vifuko, na ninafikiri jinsi mwili unavyojitahidi kuishi. Kila kifuko kinalinda chumvi yake kwa utando mwembamba wa mafuta, hakimuudhi mtu, kinataka tu maji ya kufanana nacho. Mtu mzima na akili zake anashindwa kukipa hata hicho, kwa sababu ya uvivu na ugomvi wa maziwa. Zamani nilichukizwa na ute wa mwili. Ute hauna kosa.

Basi, Mama, Jumamosi napanda basi. Usinipikie, na usije stendi. Nikishuka sitapita kwako kwanza. Nitakwenda moja kwa moja kwa Mama Athumani, nitakaa chini, nitamwambia yote kama nilivyokuandikia, na lile la mkojo nililomwaga pia. Nakuomba usimtayarishe, wala usinitangulizie maneno mazuri. Najua ninyi wawili mnachota maji pamoja tangu hatujazaliwa, na najua ninaweza kuwa nimekuharibia hilo. Akinitukana, muache. Akikataa kunisikiliza nitakaa nje mpaka atake. Akienda polisi, nitamsindikiza.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie kikohozi kikizidi juma akapimwe makohozi, na apimwe na mtu anayetazama. Msalimie Shangazi wa Puma, na mwalimu wangu wa madrasa, umwombe aniombee bila kumwambia sababu. Zainabu mwambie nimemletea vitenge, na kwamba asome biolojia kwa bidii hata kama inamchefua. Bibi mbusu mkono.

Mama Athumani usimfikishie salamu zangu. Ataziona nzuri, kwa kuwa bado hajajua.

Mwanao,
Saidi